Kichujio kinachojua kuiacha picha: uchambuzi wa kisa cha kontrasti otomatiki kwa picha za Mji wa Kale wa Lamu

Usuli wa kisa

Kisa hiki kinahusu kikundi kidogo cha watu wa Lamu waliojitolea kupiga na kuhifadhi picha za milango ya nakshi, madaka (vibaraza vya mlangoni), zidaka (vishubaka vya ukutani) na kuta za ndani za nyumba za mawe ya matumbawe katika Mji wa Kale, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Majina ya watu, ya nyumba na ya mitaa yameondolewa, kwa kuwa wenye nyumba waliruhusu picha zipigwe kwa ajili ya kumbukumbu na hawakuomba kutajwa. Wahusika watatu ndio watakaojitokeza zaidi: mpiga picha, mtayarishaji wa programu aliyezijua lugha za kompyuta za C na Python, na fundi wa nakshi ambaye mikono yake imeikarabati baadhi ya milango iliyomo katika picha zenyewe.

Kikundi kilikuwa kikizirekebisha picha moja moja katika GIMP, programu huria ya picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Sababu ya kuichagua haikuwa kukosekana kwa gharama peke yake. Leseni yake ya GPL inampa kila mtumiaji haki ya kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza, na ndiyo iliyomwezesha mtayarishaji wetu kufikiria kuandika kichujio (programu ndogo ya kurekebisha picha) chake mwenyewe pale vilivyokuwepo viliposhindwa kukidhi haja.

Haja yenyewe ilitokana na mwanga wa Lamu. Vichochoro ni vyembamba na kuta ni ndefu, kwa hiyo jua la mchana huingia kama utepe mmoja mkali upande mmoja, huku baraza za daka zikibaki katika kivuli kizito na ufa wa anga ukiwaka juu kati ya mapaa. Mlango wa mti mweusi uliokaa ndani ya daka, kando ya ukuta wa chokaa uliopigwa na jua, hutoka katika picha ukiwa bonge la giza lisilo na nakshi hata moja. Kila picha ilihitaji kufunguliwa, kuinuliwa vivuli vyake, kupunguzwa weupe wake na kuhifadhiwa upya, na kwa picha nyingi kiasi kile kazi ilikuwa imekwama kwenye meza ya mtu mmoja.

Kwa nini kichujio cha kawaida hakikusaidia

Njia rahisi ya kuongeza kontrasti, yaani tofauti kati ya giza na mwanga, bila mkono wa mtu ni kunyoosha. Programu huitafuta pikseli (nukta ya picha) yenye giza kuliko zote na ile yenye mwanga kuliko zote, kisha huvuta thamani zote za katikati ili ya kwanza iwe 0, yaani nyeusi, na ya mwisho iwe 255, yaani nyeupe. Kwa picha iliyofifia, kama ile iliyopigwa siku ya mawingu mazito ya kusi, njia hii hufanya kazi nzuri. Kwa picha ya kichochoro cha Lamu haifanyi chochote, kwa sababu 0 na 255 tayari zimo: tundu la ufunguo ni jeusi tii na ufa wa anga ni mweupe tupu. Kichujio hupima ncha hizo mbili, huona hakuna cha kunyoosha, na huirudisha picha kama ilivyokuja, ilhali nakshi ambayo ndiyo sababu ya picha imebanwa katika thamani chache sana upande wa giza.

Jambo hili linastahili kusisitizwa kwa sababu watu wengi hudhani kichujio kilichokataa kubadilisha picha kina hitilafu. Hakikuwa na hitilafu. Kilijibu swali kilichoulizwa, na swali ndilo lililokuwa halilingani na picha.

Mfululizo wa matukio

Mtayarishaji alianza na suluhisho linalojulikana: kuzipuuza ncha. Badala ya kupima pikseli yenye giza kuliko zote, kichujio kilipanga pikseli zote kwa mwanga wake, kikaacha asilimia 1 ya chini na asilimia 1 ya juu, kisha kikanyoosha kilichobaki. Picha nyingi za kuta na milango zilipata nafuu mara moja, na kikundi kilifurahi.

Furaha ilikatizwa na picha moja ya mzee aliyekaa barazani amevaa kanzu na kofia iliyotariziwa kwa mkono, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Katika picha ya asili, kila tundu dogo la kofia lilionekana kwa kivuli chake hafifu. Baada ya kichujio, kofia ilikuwa duara jeupe lisilo na tarizi, mithili ya karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Katika picha nyingine ya kichochoro hichohicho, mama aliyepita amevaa buibui aligeuka kuwa umbo jeusi bila mkunjo wa nguo wala mkono.

Hesabu inaeleza kilichotokea. Kamera ile ilitoa picha za pikseli milioni 24. Asilimia 1 ya hizo ni pikseli 240,000, sawa na mraba wa pikseli 490 kila upande. Kofia ya mtu aliyepigwa picha kutoka ng'ambo ya kichochoro haifiki ukubwa huo. Kwa maneno mengine, kichujio kiliruhusiwa kutupa eneo linaloweza kuimeza kofia nzima, na kikafanya hivyo bila kuvunja kanuni yake yoyote. Mtayarishaji alipojaribu kushusha kiwango hadi asilimia 0.1, yaani pikseli 24,000, kofia ilisalimika, lakini ufa wa anga nao ulikuwa mkubwa kuliko kiwango hicho, na kichujio kikarudi kuwa kile cha mwanzo kisichofanya kitu. Hapakuwa na asilimia yoyote ambayo ingezifaa picha zote mbili, kwa sababu asilimia huhesabu pikseli na haijui pikseli hizo zimebeba nini.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuacha kuitazama picha nzima kwa jicho moja. Kusawazisha histogramu (hesabu ya pikseli ngapi zina mwanga wa kiasi gani) kwa vipande, huku nguvu ya kila kipande ikiwekewa kikomo, ni mbinu iliyochunguzwa na Stephen Pizer na wenzake katika makala ya mwaka 1987, na Karel Zuiderveld akachapisha msimbo wake mwaka 1994. Matumizi yake ya awali yalikuwa katika picha za hospitali, ambako daktari anahitaji kuona tofauti ndogo ndani ya sehemu yenye giza. Ilionekana kama imetengenezwa kwa ajili ya daka za Lamu. Nakshi zilijitokeza kutoka gizani, maua na minyororo yote, na mpiga picha alitaka picha zote zipitishwe siku hiyohiyo.

Zilipochapwa chache na kupelekwa kwa fundi wa nakshi, alizitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye mfaa wa mlango mmoja, ule ubao wa katikati unaoziba mpaka wa milango miwili inapofungwa.

"Mwanangu, mstari huu haumo," alisema.

"Labda ni kivuli, Fundi," mtayarishaji alijibu.

"Kivuli nakijua kinavyokaa. Mfaa huu niliutia mimi, na patasi yangu haikupita hapa."

Alikuwa sahihi. Kando ya ufa mweusi kati ya mfaa na ubao, kichujio kilikuwa kimezalisha ukanda mwembamba wa mwanga uliofanana kabisa na ukingo uliochongwa. Sababu yake ni hii: karibu na ufa, kipande kinachopimwa huwa kimejaa giza, kwa hiyo mti wa kawaida huonekana kuwa miongoni mwa vitu vyenye mwanga zaidi katika kipande hicho na huinuliwa juu; hatua chache mbali na ufa, mti uleule huwa wa wastani tu na huachwa. Macho huisoma tofauti hiyo kama umbo. Katika picha ya mapambo hilo ni dosari ndogo, lakini katika picha ambayo kesho itatumiwa na fundi mwingine kuchonga mfaa mpya, ni ushahidi wa uongo.

Tatizo kama hilo lilionekana kwenye kuta. Kihisi cha kamera kikipiga gizani huacha chembechembe, na kichujio kilipoinua giza la vyumba vya ndani kiliziinua nazo. Juu ya chokaa laini kati ya zidaka, chembechembe zile zilionekana kama plasta inayopukutika. Mtu anayeandika hali ya ukuta kwa kutazama picha angeweza kuandika uharibifu usiokuwepo.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Baada ya maneno ya fundi, kikundi kilisitisha kazi ya kupitisha picha na kuandika upya lengo la kichujio. Kabla ya hapo lengo lilikuwa picha ipendeze. Sasa lilikuwa kwamba kichujio kionyeshe kilichomo na kisiongeze kisichokuwemo, na pale kisipoweza kutimiza yote mawili, kiiache picha. Kwangu mimi huu ndio uamuzi uliobeba kisa kizima, na mengine yote ya kiufundi yanafuata kutokana nao.

Ncha za picha hazikukatwa tena. Badala ya mpaka mkali ambapo kila kilichopita huwa 255, mtayarishaji aliweka mkunjo laini: thamani zilizo juu ya mpaka hubanwa polepole, bado zikitofautiana. Anga inabaki nyeupe, na tarizi ya kofia inabaki na vivuli vyake, hafifu lakini vyenyewe.

Kipimo cha mwanga wa eneo kilibadilishwa pia. Mahali pa vipande vya mraba palichukuliwa na kichujio elekezi, mbinu iliyoelezwa na Kaiming He na wenzake mwaka 2010, ambayo hulainisha picha lakini husimama inapokuta ukingo halisi. Giza la ufa halivuji tena kuingia katika hesabu ya mti ulio kando yake, na ule ukanda wa mwanga hupungua sana. Kulikuwa na sababu ya pili, ya kawaida lakini nzito: muda wa hesabu ya mbinu hii hauongezeki eneo linalopimwa linapopanuliwa, na kompyuta za kikundi zilikuwa za zamani.

Suala la rangi lilileta mjadala mrefu zaidi. Jaribio la kwanza lilinyoosha nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Picha za alasiri, wakati jua linapoipa chokaa rangi ya asali, zilirudi zikiwa na kuta nyeupe baridi kama za chumba cha zahanati. Katika mwanga wa alasiri buluu ndiyo hafifu kuliko zote, kwa hiyo ndiyo ilivutwa zaidi, na rangi ya alasiri ikafutika. Iliamuliwa kwamba kichujio kiguse mwanga peke yake, kisha kirudishe rangi kwa uwiano uleule uliokuwepo kati ya nyekundu, kijani na buluu.

Lakini mwanga upi? GEGL, injini ya kuchakata picha iliyo ndani ya GIMP, inaweza kufanya hesabu kwa mwanga wa mstari, yaani kulingana na kiasi halisi cha nuru, au kwa kipimo kinachofuata jinsi jicho linavyoona. Kijivu kinachoakisi asilimia 18 ya nuru huonekana kwa jicho kuwa kiko katikati. Katika picha ya kawaida ya sRGB, mpangilio wa rangi wa kamera na skrini nyingi, hukaa karibu na 118 kati ya 255, ilhali katika mwanga wa mstari ni 0.18 tu, na vivuli vyote vya daka husongamana chini yake. Histogramu iliyojengwa huko huyaona mambo ya gizani kama kitu kimoja. Mtayarishaji akaamua kupima kwa kipimo cha mwangaza unaoonwa na jicho, kilichowekwa mwaka 1976 na CIE, tume ya kimataifa ya mwangaza na rangi, ambako kijivu hicho hupata takriban 50 kati ya 100, na vivuli vikapata nafasi ya kutofautishwa.

Halafu kukawa na kikomo cha nguvu. Mpiga picha alitaka kichujio kiruhusiwe kuinua vivuli kadiri vinavyohitaji, na hoja yake ilikuwa ya haki, kwani yeye ndiye aliyebeba mzigo wa kurekebisha kwa mkono. Mtayarishaji alionyesha picha ya bandari iliyopigwa baada ya magharibi: kichujio kisicho na kikomo kiliigeuza kuwa asubuhi yenye ukungu. Walikubaliana kwamba nguvu ya kunyoosha isipite uwiano uliowekwa. Kwamba pale ambapo tofauti kati ya pikseli ni ndogo kuliko chembechembe zinazotarajiwa kutoka kwa kihisi, nguvu ishuke hadi karibu na sifuri. Na kwamba picha ambayo mgawanyo wake wa mwanga tayari ni mpana na umejaa irudishwe bila kuguswa, pamoja na ujumbe unaosema hivyo. Ujumbe huo ulionekana kuwa mdogo, lakini bila yake mtumiaji hubonyeza mara tatu akidhani programu imekwama.

Uamuzi mmoja haukuhusu picha moja bali kundi. Kila mlango ulipigwa mzima kwanza, kisha miimo, kizingiti cha juu na mfaa kwa ukaribu. Kichujio kilipoihesabu kila picha peke yake, mti wa mlango mmoja ulionekana kama wa miti mitatu tofauti. Sasa mipaka hupimwa kutoka kundi zima la picha za mlango mmoja na kutumika kwa zote. Gharama yake ni kwamba picha moja iliyopigwa vibaya ndani ya kundi haisaidiki kama ambavyo ingesaidika peke yake, na kikundi kiliikubali gharama hiyo.

Matokeo

Kichujio kilitolewa kama kiendelezi cha GIMP chini ya leseni ileile ya GPL, kikiwa na kitelezi kimoja cha nguvu na chaguo moja la kupima kwa kundi. Sehemu kubwa ya picha za nje sasa hupita bila mkono wa mtu. Picha za asili hazifutwi, na kila picha iliyopitishwa hubeba ndani yake maelezo ya toleo la kichujio na kiwango kilichotumika, ili atakayekuja baadaye ajue anachokitazama. Fundi alizipitia tena picha za milango anayoijua, na ule mstari wa mfaa hakuuona.

Picha za simu zilibaki na tatizo. Nyingi huhifadhiwa kwa biti 8, yaani hatua 256 kwa kila rangi. Kivuli kilichokaa kati ya 0 na 30 kikivutwa hadi kati ya 0 na 90, bado kina hatua 31 tu, na kati ya hatua moja na nyingine kuna pengo la tatu. Kwenye ukuta laini mapengo hayo huonekana kama ngazi. Hakuna kichujio kinachoweza kurejesha ambacho simu ilikwisha kukitupa wakati wa kuhifadhi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kumpelekea picha mtu anayekijua kitu chenyewe. Watayarishaji wa vichujio huzoea kupima kazi yao kwa picha za majaribio na kwa macho yao, na macho hayo hupenda picha iliyochangamka. Fundi hakuwa na habari ya histogramu, lakini alikuwa na kipimo ambacho hakuna mwingine katika kikundi aliyekuwa nacho: alijua patasi ilipita wapi. Udhaifu ni kwamba aliitwa mwishoni. Angeitwa kabla ya mbinu ya vipande kuandikwa, kazi kubwa ya msimbo isingetupwa, na pengine lengo lingeandikwa sawasawa tangu mwanzo.

Uteuzi wa picha za majaribio ulikuwa na kasoro ya aina hiyohiyo. Kikundi kiliteua picha nzuri za milango, na hakikuweka hata moja yenye mtu. Weupe juu ya weupe na weusi juu ya weusi ndio mtihani mgumu wa kontrasti otomatiki, na katika mji ambao kanzu na buibui ni mavazi ya kila siku, mtihani huo ulikuwa ukipita mlangoni muda wote. Mkusanyo wa majaribio wa sasa una kofia, una buibui, una bandari ya magharibi na una ukuta mtupu wa chokaa, na picha hizo zinafaa zaidi kuliko mia za milango mizuri.

Majaribio mawili ya msimbo yanastahili kuigwa na yeyote anayeandika kichujio cha namna hii. La kwanza: picha ya kijivu kitupu, isiyo na umbo lolote, lazima itoke kama ilivyoingia. La pili: kichujio kikipitishwa mara ya pili juu ya kazi yake chenyewe, mabadiliko lazima yawe madogo mno. Kichujio kinachoendelea kuongeza kila kinapopitishwa hakina kikomo cha kweli, hata kama kimeandikwa kuwa kinacho. Wakati wa majaribio iligundulika pia kwamba ukubwa wa eneo linalopimwa ulikuwa umeandikwa kwa pikseli: katika onyesho dogo kwenye skrini eneo hilo lilifunika mwimo mzima wa mlango, na katika picha kamili lilifunika ua moja la nakshi, kwa hiyo mtumiaji aliidhinisha picha moja na kupata nyingine. Sasa ukubwa huo huhesabiwa kama sehemu ya upana wa picha.

Kuhusu kikomo cha nguvu, sijashawishika kwamba kiwango kilichochaguliwa ndicho sahihi kwa kila mahali. Kilipimwa kwa chokaa, mti na jua la pwani hii, na mtu wa bara mwenye picha za msitu au za majengo ya vioo anaweza kukihitaji kiwe tofauti. Ndiyo maana kitelezi kiliachwa wazi, na si kufichwa kama baadhi ya kikundi walivyotaka.

Vyumba vya ndani vyenye zidaka, vinavyopata nuru kutoka uani peke yake, bado havijapata jibu ndani ya kichujio. Kwa vyumba hivyo kikundi kimeamua kusimamisha kamera juu ya miguu mitatu na kupiga picha mbili zenye muda tofauti wa mwanga, katika faili ghafi zisizorekebishwa na kamera, kisha kuziunganisha. Kichujio cha kontrasti hakitumiki kwa picha hizo hata kidogo.